Miaka Miwili ya Kukisia

Kutafuta amplitudi ya mtawanyiko, yaani hesabu inayosema chembe zikigongana kuna uwezekano gani zitoke hivi au vile, ilikuwa kazi ya kuchosha mkono. Unachora michoro ya Feynman, kila mchoro unaupa hesabu yake, kisha unajumlisha. Chembe mbili ziitwazo gluoni zigongane zitoke nne: michoro 220. Stephen Parke na Tomasz Taylor waliipitia kazi hiyo kwenye maabara ya Fermilab, Illinois, na mwaka 1986 wakatoa jibu la gluoni za idadi yoyote, kwa mpangilio mmoja wa mizunguko yao, likatosha kwenye mstari mmoja. Uthibitisho hawakuwa nao. Walikisia, na wakasema wamekisia. Berends na Giele waliuleta mwaka 1988.

Wanafunzi wangu huutaka ule mstari. Mimi nawarudisha kwenye ile miaka miwili, kwa sababu leo tumo ndani ya mingine kama hiyo.

Amplitudi ina mahali ambapo kigawanyo huwa sifuri na hesabu inalipuka. Ondoa kigawanyo hicho. Kinachosalia pale ndicho mabaki. Kwa chembe za kawaida mabaki ni zao la amplitudi mbili ndogo: chembe ya kati imesafiri, na mgongano mmoja umekuwa miwili. Mwaka 2005 Britto, Cachazo, Feng na Witten walionyesha kwamba kwa mabaki hayo unaweza kuijenga amplitudi nzima. Sijui kazi nyingine ya fani hii iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Mwaka 2019 Cachazo, Early, Guevara na Mizera walipanua mlango. Fomula ya awali ya amplitudi, inayopatikana kwa kutatua milinganyo, iliweka kila chembe kama nukta kwenye mstari. Wao waliziweka nukta kwenye bapa, na zaidi ya bapa. Kwa nukta sita milinganyo iliyokuwa na majibu 6 ikawa na 26. Lililonishika ni mabaki. Katika kisa hicho cha nukta sita kuna vigawanyo, huandikwa kwa herufi R, ambavyo mabaki yake ni zao la amplitudi tatu, kila moja ya chembe nne, kila moja 1/x + 1/y. Ukizizidisha ubaoni unapata vipande vinane. Tatu! Hakuna mgongano wa kawaida unaovunjika hivyo mahali pamoja.

Jiometria inatoa fununu. Kisa hiki kina umbo lake lenye pembe 20, na kila kigawanyo ni namna ya kulikata. R hulikata vipande vitatu. Naamini mkato ndio unaoamua mabaki, kwa nukta zozote, kwenye bapa na kupita hapo. Visa vidogo vimekaguliwa kimoja kimoja. Kanuni moja ya vyote, yenye uthibitisho, bado inadaiwa, na anayeitaka aanze na nukta saba, ambako majibu ya milinganyo tayari ni 1272.