Utando, si Mwosho: Neno la Mchoraji wa Rangi za Maji

Anayeanza kujifunza kuchora watu kwa rangi za maji hukutana mapema na neno la Kiingereza ambalo vitabu vya mafunzo hulirudia tena na tena: "wash". Kwa mchoraji, neno hilo lina maana ya rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi, ikaachiwa itambae juu ya karatasi mpaka ifanye safu moja nyembamba inayopitisha nuru. Paji la uso, shingo, mkono, kivuli kilicho chini ya kidevu, vyote hujengwa kwa safu za namna hiyo. Mwalimu anayetaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili ana maneno kadhaa ya kuchagua: mwosho, mpako, tabaka, utando. Makala haya yanalitetea neno la mwisho, na yanalitetea kwa sababu moja kubwa. Istilahi ya kazi ya mikono huwa pia maagizo. Mwanafunzi akiambiwa apake, mkono wake utapaka. Akiambiwa aoshe, utaosha. Na katika rangi za maji vitendo vyote viwili humharibia uso wa mtu anayemchora.

Kwanza tuitazame rangi yenyewe. Rangi ya maji ya mchoraji ni unga wa rangi uliosagwa laini na kuchanganywa na gundi ya mgunga, ile ambayo nchi ya Sudan ni maarufu kwa kuizalisha na ambayo hupatikana pia kaskazini mwa Kenya. Maji yakiongezwa, gundi huyeyuka na kuzibeba chembe za rangi. Maji yakikauka, gundi huzishikiza chembe hizo kwenye karatasi. Kwa kuwa safu ni nyembamba, nuru huipenya, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi kwenye jicho la mtazamaji ikiwa imechukua rangi njiani. Ndiyo maana mchoraji wa rangi za maji hutoka kwenye wepesi kwenda kwenye uzito: mng'ao wa jua juu ya pua ni karatasi iliyoachwa wazi, au iliyofunikwa kidogo tu, wala si rangi nyeupe iliyobandikwa mwishoni. Sasa linganisha na ile iitwayo rangi ya maji katika maduka ya vifaa vya ujenzi, inayouzwa kwa ndoo za lita 4 na lita 20. Hiyo imetengenezwa ili iufiche ukuta: isionyeshe plasta, madoa wala rangi ya zamani. Jina ni moja, kazi zinapingana. Mwanafunzi anayelijua jina hilo kutoka ukutani huja darasani na desturi za ukutani.

Neno mwosho lina mvuto wa haraka kwa sababu linafuata Kiingereza hatua kwa hatua. Hata Wafaransa huiita mbinu hii "lavis", neno lililotokana na kitenzi chao cha kuosha. Lakini lugha mbili za Ulaya kukubaliana juu ya taswira hakuifanyi taswira hiyo iwe yetu. Katika Kiswahili, kuosha ni kuondoa. Tunaosha vyombo ili masizi yatoke, tunaosha mikono ili uchafu uende. Methali ya mwosha huoshwa inatupeleka moja kwa moja kwa anayemwandaa maiti, jambo zito ambalo halina uhusiano wowote na kuweka rangi kwenye shavu. Zaidi ya hayo, katika rangi za maji kuna kuosha kwa kweli. Mchoraji aliyekosea huchukua brashi safi yenye maji, hulainisha sehemu iliyokauka, kisha huifyonza rangi kwa kitambaa ili karatasi ionekane tena. Hicho ndicho kitendo kinachostahili kuitwa kuosha. Tukilitumia neno hilo kwa kuweka rangi, tutaitaje kazi ya kuitoa?

Mpako nao una haki yake, kwa kuwa kupaka rangi ni msemo wa kila siku. Hata hivyo, tazama vitu tunavyovipaka: mafuta mwilini, chokaa ukutani, siagi kwenye mkate, dawa kwenye kidonda. Katika yote hayo mkono husugua, huenda na kurudi, mpaka kitu kifunikwe sawasawa. Mwanafunzi wa rangi za maji akifanya hivyo, anapoteza mambo mawili. Anaikwangua karatasi iliyolowa mpaka nyuzi zake ziinuke, na anarudisha brashi kwenye rangi iliyokwisha kuanza kukauka, hivyo maji mapya huisukuma rangi pembeni na kuacha mabaka yenye kingo za mawimbi. Shavu la msichana linakuwa na makovu ambayo msichana hana. Kosa hilo mara nyingi huhesabiwa kuwa ni uzembe au kukosa kipaji. Kwa sehemu kubwa ni utii: mwanafunzi amefanya alichoambiwa.

Kitenzi kingine tunachokitegemea ni kuchora, nacho kina mipaka yake. Tunasema fulani amechora picha bila kutenganisha aliyetumia penseli na aliyetumia rangi, lakini kiini cha kuchora ni mstari: chale, alama, nakshi iliyokatwa kwenye mbao. Kwa hiyo anayeanza humchora mtu kwa mstari mzito unaouzunguka mwili mzima, kisha hujaza rangi ndani kama anayejaza maji kwenye ndoo, akiogopa kuvuka ukingo. Matokeo yake ni mtu aliyekatwa na kubandikwa. Kinyume cha woga huo kinaonekana katika michoro ambayo mchongaji wa Kifaransa Auguste Rodin aliifanya mwaka 1906, wacheza ngoma wa kifalme kutoka Kambodia walipozuru Ufaransa. Mstari wa penseli unakwenda njia yake, na rangi iliyozimuliwa inakwenda yake. Mara inavuka mstari, mara haiufikii. Mwili hausambaratiki. Unapata mwendo, kwa sababu mstari umetaja umbo na rangi imetaja uzito na nuru. Kuchora peke yake hakuwezi kutaja kazi hiyo ya pili, na kupaka kunaitaja vibaya. Lugha yetu inahitaji kitenzi cha tatu.

Kitenzi hicho tunacho tayari: kutanda. Mawingu hutanda, giza hutanda, ukungu hutanda juu ya bonde. Katika misemo yote hiyo kuna kitu chepesi kinachoenea chenyewe, kikafunika bila kuficha kabisa. Anga bado ipo nyuma ya wingu, na bonde bado lipo chini ya ukungu. Ukikifanya kitenzi hicho cha kusababisha, unapata kutandaza, kama mtu anavyotandaza mpunga juani: anaumwaga, anausambaza mara moja kwa mkono mwepesi, kisha anauacha jua lifanye kazi. Ukikifanya nomino, unapata utando, neno tunalolitumia kwa ngozi nyembamba inayojikusanya juu ya maziwa yaliyochemshwa na kwa nyuzi za buibui. Hii ni familia kamili ya istilahi kutoka mzizi mmoja. Mchoraji hutandaza, rangi hutanda, kinachobaki ni utando. Nomino yenyewe inahesabika bila taabu: utando mmoja, tando tatu. Aina zake nazo zinajieleza. Utando sawa ni ule wenye uzito mmoja kutoka juu hadi chini. Utando unaofifia huanza kwa nguvu ukaishia karibu na weupe. Utando juu ya utando ni rangi mpya iliyowekwa juu ya ile iliyokauka, ili zote mbili zionekane kwa pamoja.

Thamani ya neno hili inajitokeza tunapolipeleka kwenye kazi, tuseme uso wa mwanamke wa ngozi ya kahawia anayepigwa na jua kutoka upande mmoja. Karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, imebandikwa kwenye ubao ulioinamishwa kidogo. Mistari ya penseli ni hafifu. Mchoraji amechanganya kwenye kisahani kahawia ya Siena iliyochomwa, rangi ya udongo inayobeba jina la mji wa Italia, pamoja na maji mengi. Anaanza kwenye paji la uso kwa brashi nene ya duara. Rangi inateremka na kujikusanya chini kama ukingo wa tone, naye anaupokea ukingo huo kwa brashi na kuushusha: pua, mashavu, kidevu, shingo, bila kusimama kwenye mpaka wa uso na shingo, na bila kurudi juu. Huo ni utando wa kwanza. Sasa anangoja. Mgongo wa vidole ukigusa karatasi na kuhisi ubaridi, bado ina unyevu. Ikikauka, anaongeza buluu kidogo ya ultramarini kwenye kahawia ile na kutandaza utando wa pili upande wa kivuli pekee: mashimo ya macho, ubavu wa pua, shavu la mbali, chini ya kidevu. Pale kivuli kinapoingia kwenye mwanga taratibu, anapitisha brashi yenye unyevu kwenye ukingo ili rangi itande na kufifia yenyewe. Utando wa tatu ni mdogo na mzito kuliko zote: matundu ya pua, mstari kati ya midomo, ukope. Jaribu kuyasimulia maelezo haya kwa neno mpako au mwosho, nawe utaona yanavyokwama.

Kwa sisi tunaowachora watu weusi, jambo hili lina uzito wa ziada. Majina ya rangi yamewahi kuupotosha mkono waziwazi. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliuza kalamu ya rangi ya waridi hafifu kwa jina la ngozi, na jina hilo lilibadilishwa mwaka 1962. Mtoto aliyeambiwa kwamba hiyo ndiyo ngozi hakuhitaji kuambiwa kwamba yake haimo. Kosa linalofuatana na hilo ni kudhani kwamba ngozi nyeusi huchorwa kwa rangi moja nzito ya kahawia, inayopakwa mara moja. Winslow Homer, Mmarekani aliyechora sana katika visiwa vya Bahamas, alichora kwa rangi za maji mwaka 1899 mtu mweusi aliyelala ufukweni kando ya mashua iliyovunjika baada ya kimbunga; picha hiyo imo katika Art Institute of Chicago. Mwili wa mtu huyo una nuru na una kivuli, na uzito wake juu ya mchanga unahisika. Ngozi nyeusi ina joto karibu na damu, ina buluu ya anga pale inapong'aa, ina giza zito kwenye mikunjo. Mpako mmoja huvifuta vyote hivyo. Tando tatu au nne huvihifadhi, kwa kuwa kila moja huiacha ile ya chini iseme.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba utando umekwisha kuchukuliwa na biolojia, inayoutumia kwa ngozi laini za ndani ya mwili. Ni kweli, lakini Kiswahili hakijawahi kuona shida neno moja likitumikia taaluma mbili. Yai lina kiini, atomi ina kiini, na hoja ina kiini. Mti una matawi, na benki ina matawi. Muktadha hutenganisha, na hapa maana mbili zinakaribiana kiasi kwamba moja inaisaidia nyingine. Pingamizi la pili linapendekeza tabaka. Tabaka ni neno zuri kwa safu yoyote, ya mwamba, ya jamii au ya rangi ya mafuta, na libaki na kazi hiyo pana. Utando ni tabaka la aina moja mahususi, jembamba na lenye kupitisha nuru. Tena kwa tabaka hatuna kitenzi cha kumwagiza mwanafunzi. La tatu linasema tukope tu, tuandike woshi, kama tulivyokopa brashi kutoka Kiingereza, karatasi kutoka Kiarabu na rangi yenyewe kutoka Kiajemi. Kukopa si aibu, na mikopo hiyo imetujengea lugha. Lakini woshi lingekuwa jina lisiloeleza kitendo, ilhali kitendo chenyewe tunakitaja kila mawingu yanapokusanyika.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi: mkono hufundishwa na mazoezi, haufundishwi na kamusi. Hakuna anayeweza kulikana hilo. Mtu hawezi kutandaza rangi vizuri kwa kulijua neno tu, kama ambavyo hawezi kuogelea kwa kujua jina la bahari. Ila mazoezi nayo huongozwa na sauti, ya mwalimu au ya mwanafunzi anayejisemea moyoni, na sauti hiyo husema kwa vitenzi. Anayejisemea "tandaza, acha itande, ngoja ikauke" yuko mbele ya anayejisemea "paka", hata kama wote wawili wana siku moja tu ya kushika brashi. Waandishi wa mafunzo ya sanaa, walimu wa shule na vyuo, na Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo tangu mwaka 1967 limebeba jukumu la kuikuza lugha hii nchini Tanzania, wana neno lililo tayari. Nawe unayeanza, kabla hujagusa karatasi, zimua rangi yako, inamisha ubao, tandaza utando wa kwanza wa uso, kisha iweke brashi chini mpaka ukauke.