Rundo la swichi: mnyororo au pete?

Wadau, leo tuache programu kidogo tuingie kwenye chumba cha nyaya. Mafundi wa mtandao wanaweza kubishana saa nzima juu ya kebo moja tu, ile ya kurudi kutoka swichi ya mwisho hadi ya kwanza. Kwetu Molo ubishi huo ni rahisi kuuelewa, maana tuna reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ikapita Nakuru, Njoro, Elburgon na Molo, ikapanda Mau Summit kisha ikateremka hadi Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Njia ni moja, kama mnyororo: ikikatika popote, walio ng'ambo wamekwama. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera na barabara za Bonde la Ufa zikazibwa. Haikuchukua muda Uganda na Rwanda zikaanza kulia uhaba wa mafuta.

Swichi za ofisini nazo zilianza kama mnyororo. Poti zikiisha, unanunua swichi ya pili na kuichomeka kwenye ya kwanza, halafu ya tatu kwenye ya pili. Kila swichi ya katikati inatoa poti mbili kwa ajili ya majirani, kwa hiyo ile ya poti 24 inabaki na 22 za watu. Hayo ni mahesabu ambayo wengi huyasahau wakati wa kuagiza.

Kampuni ya Cisco ikaleta GigaStack kwa swichi kama Catalyst 3500 XL: kipande kidogo chenye matundu mawili, kinachokaa kwenye nafasi moja tu. Poti za watu zikapona. Lakini swichi zikizidi mbili, zote ziligawana gigabiti 1 kwa sekunde na kuzungumza kwa zamu, kama askari kwenye redio.

Mageuzi yenyewe yalikuja 2003 na Catalyst 3750 na mfumo wake wa StackWise. Poti za rundo zikahamia mgongoni, mbili kwa kila swichi, na hadi swichi 9 zikawa zinajiendesha kama swichi moja yenye anwani moja ya IP. Kebo zikizunguka na kufunga pete, unapata gigabiti 32 kwa sekunde. Kebo moja ikikatika zinabaki 16, na kazi inaendelea.

Sasa chukua hospitali yenye swichi nne: usajili uko kwenye ya kwanza, maabara kwenye ya nne, na ya pili imeungua. Pete ikiwa imefungwa, maabara bado inapata majina ya wagonjwa kwa kuzungukia upande wa pili. Ikiwa wazi, rundo limekatika vipande viwili, na kila kipande kinadai anwani ileile ya IP. Hapo utatafuta kosa kwenye programu mpaka usiku (na sisi waandishi wa programu ndio tunaopigiwa simu kwanza!).

Na kwa nini watu waliacha pete wazi? Urefu wa kebo. Kebo iliyokuja na swichi ilikuwa ya nusu mita. Za mita 1 na mita 3 ziliagizwa kando. Swichi zikiachiana nafasi ya paneli za nyaya, nusu mita haifiki kutoka chini hadi juu ya raki. Dawa yake ni kuruka moja: unganisha 1 na 2, 2 na 4, 4 na 3, 3 na 1. Pete imefungwa, na hakuna kebo inayovuka zaidi ya hatua mbili. Hata swichi 9 zinaingia kwa mtindo huo: namba shufwa unapanda nazo, witiri unashuka nazo.

Catalyst 3850 ilipotoka 2013, kasi ya pete ilikuwa imefika gigabiti 480. Kebo zake? Nusu mita, mita 1 na mita 3.