Kumbi Zilizozaa Santuri Bora za Muziki wa Klasiki

Mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, aliomba hataza ya kurekodi sauti kwa njia mbili, yaani stirio, ili msikilizaji atambue ala iliyo kushoto na iliyo kulia. Mwaka 1934 aliirekodi hivyo okestra ya London Philharmonic katika studio za Abbey Road. Lakini santuri za siku hizo zilijaa kwa dakika nne hivi kila upande, na uvumbuzi wake ukakaa bila soko. Njia ilifunguka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilipokuja kanda za sumaku na, mwaka 1948, santuri ndefu za LP.

Baadhi ya kazi kubwa za mwanzo zilifanyika Chicago, katika Orchestra Hall. Mwaka 1951 mafundi wa kampuni ya Mercury walining'iniza maikrofoni moja tu juu ya kiongozi Rafael Kubelik na okestra yake. Machi 1954 kampuni ya RCA Victor ilirekodi humo kwa stirio kazi za Richard Strauss zikiongozwa na Fritz Reiner. Maikrofoni zilikuwa chache kwa makusudi: ala zichanganyike zenyewe hewani, pamoja na mwangwi wa ukumbi. Uzito wote wa kazi ukawa katika kuchagua mahali pa kuziweka.

Mwaka huohuo kampuni ya Decca ilianza kurekodi kwa stirio katika Victoria Hall, Geneva. Mafundi wake walibuni mpango wa maikrofoni tatu juu ya kichwa cha kiongozi wa okestra: moja mbele katikati, mbili pembeni. London walipenda Kingsway Hall, ingawa treni za chini ya ardhi zilipita karibu. Hadi leo spika nzuri hutoa mngurumo wake katika baadhi ya rekodi. Vienna walitumia Sofiensaal, jengo lililowahi kuwa bafu lenye bwawa la kuogelea. Humo, mwaka 1958, John Culshaw alisimamia rekodi ya opera *Das Rheingold* ya Wagner chini ya Georg Solti. Mtunzi alitaka fuawe 18 zigongwe. Zikaletwa fuawe halisi, zikagongwa zote.

Santuri za stirio zilienea madukani mwaka huo. Katika miaka ya 1970 kampuni nyingi ziliongeza maikrofoni na kusawazisha sauti mitamboni; mwaka 1982 zikaja CD. Hata hivyo kanda za zamani hazikupoteza thamani. Wilma Cozart Fine, aliyesimamia rekodi za Mercury katika miaka ya 1950, ndiye aliyesimamia pia kuzihamishia kwenye CD.

Kwa kuwa ukumbi na fundi huamua sauti, wanunuzi makini husoma jalada kwanza: ukumbi, mwaka, fundi. Kisha husikiliza kama fidla na besi zina mahali pake, kama sauti ya chini kabisa bado ni safi, na kama mwangwi wa ukumbi unasikika baada ya noti ya mwisho.