Jabali, mzigo na sherehe ya kufika: kutoka Mgunda Mkali hadi Ulyankulu

Siku hizi wapenzi wa kukwea miamba hupakia mahema na kamba kwenye gari, wakaendesha kutwa nzima, na mwisho wa barabara wanakuta tamasha: muziki, chakula na jiwe kubwa linalowasubiri. Sasa hebu ondoa gari. Weka begani frasila mbili, yaani kama kilo 32. Barabara inaanzia Bagamoyo na kuishia Tabora, zaidi ya kilomita 800. Hiyo ndiyo safari ya mpagazi wa karne ya 19.

Kipande kilichoogopwa zaidi kiliitwa Mgunda Mkali, nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Katikati yake kuna Jiwe la Mkoa, jabali lililokuwa kituo maarufu cha misafara. Kwa nini kupumzika jiweni? Hapa jiolojia inatusaidia. Miamba ya eneo hili kwa sehemu kubwa ni graniti iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Udongo na miamba iliyoifunika imeliwa polepole na mvua na upepo. Sehemu zenye nyufa nyingi zimeoza, zile ngumu zimebaki zimesimama. Graniti hainywi maji kama mchanga. Kwa hiyo mvua huteleza juu yake, ikajikusanya kwenye mashimo na chini ya jabali. Ukiliona jiwe kwa mbali, una alama ya njia, na pengine una maji pia.

Ukivuka nyika hiyo unafika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua!", yaani weka mzigo chini. Unasikia jinsi lilivyo jirani na Kiswahili chetu? Jina zima la kijiji ni pumzi ya mtu aliyechoka.

Burton alifika Kazeh, katika Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani. Na kufika hakukuwa jambo la kimyakimya. Wapagazi walivaa nguo zao nzuri, bendera ikapepea, baragumu zikalia, bunduki zikapigwa hewani, wenyeji wakatoka kutazama. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na wengine walikuwa wanarudi kwao. Sherehe ilikuwa yao kabla haijawa ya mwenye msafara.

Lakini tusiipambe mno. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Kwao Tabora haikuwa mahali pa kutua.

Kaskazini-magharibi ya Tabora kuna Ulyankulu, na hapo habari inageuka. Mtemi Mirambo, aliyeitawala, aliona utajiri ukipita mlangoni kwake, akataka sauti juu ya njia. Mwaka 1871 aliifunga barabara ya Ujiji. Agosti mwaka huo Waarabu wa Tabora, Henry Stanley akiwa upande wao, walimwendea vitani. Kikosi kimoja kikaiteka Ulyankulu, kikaanza kurudi na pembe za ndovu na mateka, kikidhani kazi imekwisha. Mirambo alikuwa amewavizia kwenye nyasi ndefu. Walioshangilia mapema hawakufika. Baadaye mwezi huohuo alishambulia Tabora yenyewe, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili kumfikia Livingstone huko Ujiji.

Kwa hiyo ukipita barabara ya Singida na Tabora ukaona majabali yale, simama kidogo. Panda moja ukiweza, graniti ina mshiko mzuri kwa viatu. Ukifika juu, geuka utazame mashariki, uhesabu siku 134 kwa miguu, na mzigo begani. Watu waliofanya hivyo walikuwa maelfu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Majina ya mahali walipotua, kama Tura, bado tunayo.