Ahadi na Akiba: Ugomvi wa Pensheni katika Reli za New York

Watu wengi hudhani ya kuwa pensheni ni hisani apewayo mzee na bwana wake wa kazi. Kwa asili yake si hisani, bali ni sehemu ya ujira ambayo mtumishi amekubali kuingoja. Kazi hufanywa leo, na malipo huja baada ya miaka mingi, tena kwa mikono ya watu ambao pengine hawakuwapo siku ya mapatano. Historia ya watumishi wa reli na mabasi ya New York yaonyesha jinsi jambo hili liwezavyo kuusimamisha mji mzima.

Chama chao, Transport Workers Union, kiliundwa mwaka 1934, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Mike Quill, mzaliwa wa Ireland. Tarehe 1 Januari 1966 Quill aliwaongoza wenzake katika mgomo uliodumu siku 12. Mahakama ilipomwamuru awarudishe kazini, aliichana amri hiyo hadharani. Akatiwa gerezani, akaugua, na kabla ya mwezi kwisha akafa.

Mgomo huo ulifuatwa na mambo mawili yaelekeayo pande mbalimbali. Mwaka 1967 Jimbo la New York lilitunga Sheria ya Taylor, iliyowakataza watumishi wa umma kugoma. Mwaka 1968 watumishi wa reli walipata haki ya kustaafu wakiwa na umri wa miaka 50, baada ya kutumika miaka 20, kwa nusu ya mshahara. Mafundi wengi wenye ujuzi wakaondoka upesi, na matengenezo ya magari yakazorota. Haki hiyo ilipunguzwa kwa walioajiriwa baadaye. Kufika mwaka 2005, mtumishi aliweza kustaafu na miaka 55 baada ya kutumika miaka 25, naye alichangia asilimia 2 ya mshahara wake.

Mwaka huo Mamlaka ya Usafiri, iitwayo kwa kifupi MTA, ilikuwa na ziada ya fedha ipatayo dola bilioni 1, na sehemu yake ilitumiwa kupunguza nauli wakati wa sikukuu. Papo hapo iliwataka watumishi wapya wachangie asilimia 6. Chama kiliuliza: mwenye kugawa ziada kwa abiria awezaje kudai kwamba hana cha kumlipa mtumishi? Mamlaka ilijibu kwamba ziada hiyo ilitokana zaidi na kodi za mauzo ya nyumba na ardhi, ambazo hupanda na kushuka, hali pensheni ni mzigo wa miaka mingi.

Tarehe 20 Desemba 2005 watumishi wapatao 34,000 waligoma, wakiongozwa na Roger Toussaint, mzaliwa wa Trinidad. La kutazamwa ni kwamba pensheni yao wenyewe haikuguswa. Waligoma kwa ajili ya watu ambao walikuwa hawajaajiriwa bado. Kwa sheria, kila siku ya mgomo ilimpotezea mtumishi ujira wa siku mbili. Mgomo ulikwisha baada ya saa 60 hivi. Chama kikatozwa faini ya dola milioni 2.5, na Toussaint akahukumiwa kifungo cha siku 10.

Mamlaka iliacha dai la asilimia 6, ila watumishi wote wakatakiwa kuchangia asilimia 1.5 ya ujira wao kwa matibabu. Januari 2006 wanachama waliukataa mkataba huo kwa tofauti ya kura 7 tu, lakini mwishowe masharti yaliyoamuliwa na wasuluhishi hayakuachana nao sana.

Mwaka 2012 sheria ya Jimbo iliwapandishia mchango watumishi wapya wa umma, hata kufika asilimia 6 kwa wenye mishahara mikubwa. Hivyo lile ambalo mgomo ulilizuia mezani lilipitia mlango wa baraza la sheria, na walioguswa walikuwa ni wale wale waliogombewa mwaka 2005, ambao hawakuwa na sauti wala siku ya mapatano, wala siku ya mgomo. Mwenye hazina husema akiba haiozi. Mtumishi hujibu ahadi ni deni. Yote mawili ni kweli, na ugomvi huzaliwa pale hesabu za hazina zinapokosa kuaminiwa na wale wanaongoja kulipwa.