Akiba ya NSSF na ununuzi wa ardhi Arua na Koboko

Wafanyakazi wengi wa Arua na Koboko huona kwamba kinga ya uzee ni kiwanja chenye vyumba vya kupangisha. Swali ni iwapo akiba ya uzeeni inaweza kukinunua kabla ya mtu kustaafu.

Marekani ina akaunti za uzeeni ambazo mwenyewe huamua zinunue nini, hata nyumba. Uganda haina utaratibu huo. Akiba ya mfanyakazi wa sekta binafsi huwekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF: mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10. Mfuko ndio unaoamua fedha ziwekezwe wapi, na mwanachama hulipwa mafao yake afikapo umri wa miaka 55.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalifungua mlango mmoja. Mwanachama mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, aliyechangia kwa miaka 10, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Kwa mtu mwenye ulemavu, umri ni miaka 40 na kiwango ni hadi asilimia 50.

Mwenye akiba ya shilingi milioni 50, kwa mfano, atapata milioni 10. Fedha hizo hazitapata tena riba ya mfuko, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2023/24 ilikuwa asilimia 11.5. Kwa kiwango hicho, milioni 10 zingezaa shilingi 1,150,000 kwa mwaka. Kodi ya vyumba hupimwa kwa kipimo hicho, baada ya kutoa gharama za ujenzi na matengenezo.

Hatari kubwa zaidi imo katika ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile humilikiwa kimila, na muuzaji mmoja huenda asiwe na mamlaka ya kuuza peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kuwauliza wazee wa ukoo na majirani wanaopakana na kiwanja, na kuwa na mashahidi, kabla ya kutoa fedha.

Sheria hiyo pia inaruhusu mmiliki kuomba hati ya umiliki wa kimila. Kamati ya ardhi ya eneo hukagua mipaka na kusikiliza wenye pingamizi, kisha bodi ya ardhi ya wilaya huamua. Asiye raia wa Uganda, wakiwemo jirani kutoka Kongo na Sudan Kusini, anaweza tu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99.

Asilimia 80 iliyobaki hukaa salama katika mfuko. Ile 20 iliyonunua kiwanja chenye mgogoro huenda isirudi kamwe.