Kutoka Nyatiti hadi Gitaa la Umeme: Ala Zilizoundwa kwa Mikono



Kamati ya jubilei iliomba makala fupi juu ya historia ya gitaa, kwa sababu sehemu ya sadaka ya sherehe hii itanunua vipande vya gitaa la umeme ambavyo vijana wa kwaya wataviunganisha wenyewe. Wazee wetu wameuliza maswali mawili ya haki. Gitaa la dansi lina kazi gani kanisani? Na kwa nini tusinunue lililo tayari?

Tuanze nyumbani. Kabla gitaa halijafika pande hizi za Gwassi, wazee walikuwa na nyatiti, ala ya nyuzi 8. Kasha lake ni mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji hukaa chini, njuga zikiwa mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu hugonga mti wa ala kushika mwendo. Hapo zamani nyuzi zake zilikuwa kano za ng'ombe. Nailoni ya kuvulia samaki ilipofika ziwani, mafundi waliichukua wakaifunga kwenye nyatiti. Hakuna aliyesema si nyatiti tena.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu waliorudi kutoka jeshini na kazini mijini walikuja na magitaa. Kijana asiye na pesa alijitengenezea lake kwa mkebe wa mafuta, kipande cha ubao na nyaya za breki ya baiskeli. Miaka ya 1960 benga ikashika kasi, na vidole vilivyozoea mwendo wa nyatiti vikahamia kwenye gitaa la umeme. Ndiyo maana katika benga gitaa hujibizana na mwimbaji, kama nyatiti ilivyofanya. D. O. Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Basi gitaa hili si mgeni kwetu. Ni mtoto wa jirani.

Kuhusu kanisani, jibu limeandikwa zamani. Tarehe 4 Desemba 1963, siku 8 kabla ya Kenya kupata uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium. Ibara ya 120 inakipa kinanda cha mabomba heshima kubwa, lakini inaruhusu ala nyingine kwa kibali cha mamlaka ya Kanisa mahali pale, mradi zifae kwa ibada, zilingane na heshima ya hekalu na kuwajenga waamini. Kwa hiyo mzigo uko kwa mpigaji. Gitaa likimeza sauti ya nne na maneno ya wimbo yasisikike, halijawajenga waamini, hata kama limenunuliwa ghali.

Swali la pili linatupeleka Marekani. Leo Fender alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Mwaka 1950 kiwanda chake kilianza kuuza gitaa ambalo mwili wake ni ubao mzima usio na uwazi wa kasha, na shingo imefungwa kwa skrubu. Shingo ikiharibika, unafungua unaweka nyingine. Kutoka wazo hilo ndipo magitaa ya vipande yalipata njia: mwili, shingo, daraja, vigingi vya kukazia nyuzi na nyaya, vyote katika boksi moja.

Sauti yake huanzia kwenye pikapu (si ile gari ya kubeba mahindi). Ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mara waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kupelekwa kwenye amplifaya. Nailoni haiamshi sumaku. Waya wa breki ungeiamsha.

Uingereza nako, mwaka huohuo wa 1963, kijana aitwaye Brian May hakuwa na pesa za gitaa la Fender. Alianza kutengeneza lake pamoja na baba yake. Shingo waliichonga kutoka mbao kuukuu za meko, na springi zilitoka kwenye pikipiki ya zamani. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Baadaye alilipiga gitaa hilo katika kundi la Queen, pamoja na Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar. Tarehe 3 Juni 2002, Malkia Elizabeth alipoadhimisha jubilei yake ya miaka 50, gitaa la mbao za meko lilisikika kutoka paa la Ikulu ya Buckingham.

Vijana wetu watakuwa na kazi rahisi zaidi, lakini si ya haraka. Kwenye gitaa nyingi za aina hii, uzi una urefu wa milimita 648 kutoka juu ya shingo hadi daraja, na freti ya 12 hukaa katikati kabisa, milimita 324. Daraja likikaa mahali pasipo pake, kila noti utakayobonyeza itakuwa nje ya sauti, na kukaza nyuzi hakutasaidia. Wapime mara tatu kabla ya kutoboa. Mbao zipigwe msasa hadi ziwe laini, vanishi ikauke vizuri, ndipo nyaya zilehemiwe.

Faida yake ni hii. Stoo za makanisa mengi zina vinanda vilivyonyamaza kwa sababu ya waya mmoja uliokatika, na fundi yuko Kisumu. Aliyelehemu waya kwa mkono wake anajua ulipo. Gitaa hili likinyamaza Jumamosi jioni, litafunguliwa hapahapa Magunga, na Jumapili asubuhi litaimba.